Kurasa za Watu

Mvumo ni mti wenye tabia za ajabu. Hurefuka mpaka ukadhani unataka kuchungulia mbinguni, lakini ukienda kuketi shinani pake jua linapowaka, utatoka jasho la kufulia nguo. Kivuli chake huanguka mbali, kwenye uwanja wa watu wasioujua, na huko wapita njia hupumzika wakausifu. Aliyeupanda na kuumwagilia maji haambulii kitu. Binadamu wa namna hiyo wapo, tena wengi, na mara nyingi si watu wabaya. Hadithi hii ni ya mmoja wao, mwanamke mpole aliyemwomba radhi hata paka aliyemkanyaga, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi.

Fundi hakushona wala hakuchonga. Ufundi wake ulikuwa wa kutengeneza kurasa za kumbukumbu kwa kompyuta. Ukimpelekea picha za harusi, za mtoto aliyeanza kutembea, au za marehemu uliyempenda, alizipanga kwa programu yake, akaziwekea karatasi ya rangi nyuma, utepe juu, maua yaliyokaushwa pembeni, na maneno machache ya kugusa moyo. Vitu hivyo havikuwa vya kushikika. Vilikuwa picha tupu, zimelazwa moja juu ya nyingine, tabaka kwa tabaka, kama shuka kabatini. Kazi ikiisha ilichapishwa ikawa kitabu, au ikaonyeshwa ukutani siku ya sherehe. Watu walilia. Wengine walianza kulia kabla ya kufungua, maana sifa zilikuwa zimewatangulia.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, mezani, kando ya dirisha lililotazama magharibi. Alasiri jua lilipenya pazia likamwagika juu ya meza taratibu, na hapo Fundi akaingia katika ulimwengu wake. Macho kwenye kioo, mkono kwenye kipanya, alisogeza utepe kidogo kulia, akaurudisha, akaongeza kivuli chembamba chini ya ua ili lionekane limelala kweli juu ya karatasi. Muda ulipita bila kupiga hodi. Siku nyingine usingizi mwepesi ulimchukua palepale, akaota anatembea ndani ya kurasa zenyewe: anapita chini ya maua makubwa kuliko nyumba, anaruka vifungo vilivyotanda njiani kama madimbwi, na watu asiowajua wanampungia mikono wakiwa ndani ya fremu zao. Alizinduka akitabasamu, ukingo wa meza umejichora shavuni.

Siri ya umaarufu wake ilikuwa mapambo. Mafundi wengine walitumia mapambo yaleyale yaliyokuja na programu, hata harusi ya mtaa wa juu ikafanana na msiba wa mtaa wa chini. Fundi alijitengenezea yake, na kisima alichochotea kilikuwa kabati la mama yake. Mama alikuwa mshonaji hodari enzi zake, kabla vidole havijaanza kumgomea. Katika kabati lile mlikuwa na vifungo, lesi, riboni, zipu za rangi zilizokwisha kusahauliwa, na vipande vya vitambaa vya kila gauni lililowahi kupita mikononi mwake. Fundi alivichukua kimoja kimoja, akavilaza juu ya skana, akavikata kwa programu, akavihifadhi. Lesi ya gauni la harusi la Mama ikawazunguka maharusi wasiohesabika. Kitambaa cha pazia la kwanza la nyumba yake kikawa usuli wa kurasa za watoto wa watu.

"Mama, hiki kifungo cha bluu ulikitoa wapi?" aliuliza siku moja.

"Hicho? Cha shati la baba yako, lile alilovaa siku uliyozaliwa." Mama alicheka peke yake kabla ya kuendelea. "Kwa wasiwasi alilifunga vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Akazunguka hospitali nzima upande mmoja wa shati umepanda, mwingine umeshuka. Wauguzi wanamtazama, wanatazamana, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia."

"Kina rangi nzuri sana," Fundi akasema, akakilaza kwenye skana.

Baba huyo alifariki Fundi akiwa bado anatambaa. Alikuwa mtu asiyependa kupigwa picha. Kamera ikitokea tu, yeye alikumbuka shughuli nje. Kwa hiyo ilibaki picha yake moja, na hata hiyo Mama alisema ilipatikana kwa hila. Amesimama mlangoni, amempakata Fundi mchanga, anacheka kwa mdomo wote. Ilikuwa picha ya zamani yenye ukingo mweupe uliokatwa meno meno, na pembe yake moja ilikuwa imetafunwa.

"Meno yako mawili ya kwanza hayo," Mama alipenda kusema akiigusa pembe ile. "Ulikuwa na njaa ya baba yako."

Picha ilikuwa imetundikwa chumbani kwa Mama tangu zamani, na kadiri miaka ilivyokwenda ikaanza kupauka. Asubuhi moja Mama aliitoa ukutani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaileta chumba cha mbele.

"Mwanangu, baba yako anatukimbia," alisema. "Zamani nilikuwa nakiona hata kile kishimo chake cha shavuni. Sasa mpaka niisogeze picha dirishani. Nitengenezee ukurasa wake. Mmoja tu. Umrudishie rangi, kama ulivyomrudishia mama wa duka la dawa babu yake."

"Nitakutengenezea, Mama. Lakini wako siwezi kuulipua. Wako nataka nitulie, niufanye hasa. Acha nimalize hii ya watu."

"Haya. Lini?"

"Kesho kesho tu."

Hakuwa akidanganya. Alimpenda mama yake, na kwa sababu alimpenda alitaka ukurasa ule upite kurasa zote alizowahi kutengeneza. Ndiyo maana kila alipofungua programu aliona hajawa tayari. Kazi ya mteja ina siku ya sherehe na mtu anayegonga mlango. Kazi ya Mama haikugonga. Iliketi pale pale, ikiwa na subira ya mama mwenyewe.

"Kesho yako hiyo inakuja kwa kutambaa?" Mama alimtania baada ya wiki kadhaa, akipita na kikombe mkononi. "Mimi nilidhani ni mfinyanzi tu anayelia gaeni."

"Mama nawe! Nimesema nitafanya."

"Mimi nimesema hutafanya? Nimepita tu na chai yangu."

Ikatokea bibi harusi mmoja aliyetaka fremu ya kizamani. Hakutaka zile za kung'aa kung'aa. Alitaka kitu chenye ukale wa kweli. Fundi akatazama huku na huku, na jicho likaangukia picha ya baba yake. Ule ukingo wa meno meno! Aliilaza kwenye skana, na picha ilipojitokeza kwenye kioo, kubwa, akapata raha ambayo fundi tu ndiye anayeijua. Kila jino la ukingo lilionekana, na jinsi karatasi ilivyogeuka rangi ya maziwa ya kuchemka. Pembe iliyotafunwa ilitoa kivuli kizuri ajabu. Alasiri nzima aliushughulikia ukingo ule kana kwamba anasuka nywele za malaika.

Kazi ya katikati ilikuwa nyingine. Uso ule uliopauka ungehitaji subira: kuondoa madoa, kujaza mikwaruzo, kurudisha rangi ya ngozi kidogo kidogo. Hiyo nitaiskani upya nikitulia, alijiambia, tena kwa ubora wa juu kabisa. Akaichagua sehemu ya katikati, akaifuta. Baba yake aliondoka kwenye kioo kwa kubonyeza mara moja, bila sauti. Fundi akahifadhi ukingo uliobaki, akauita "fremu ya kale".

Na ili asiisahau kazi ya Mama, akaiegemeza picha halisi kwenye kopo la kalamu, upande wa pili wa meza, mahali ambapo angeiona kila anapoinua macho. Ilikaa pale ikilitazama dirisha.

Fremu ya kale ikapendwa. Bibi harusi yule aliwaonyesha rafiki zake, na rafiki zake wakamjia Fundi. Maharusi wakaingia katika fremu ile, wakafuata mapacha wa mwenye duka la viatu, na mzee mmoja aliyetimiza miaka mingi hata wanawe wakabishana ni mingapi. Msimu wa mvua ulikwisha, kiangazi kikaja, na mvua tena, na kiangazi tena. Kila alasiri jua lilipenya pazia likaja mezani, likapanda juu ya kibodi, likauvuka mkono wa Fundi, likatulia juu ya picha. Mwanamke yule aliyeweza kuona utepe uliopinda unywele mmoja hakuona kitu. Alizoea kujua kwamba picha ipo, na kujua kukamtosha.

Mama naye hakuja kuichungulia. Aliheshimu kazi ya watu, na mlangoni alipita kwa kunyata. Alijua picha yake iko mikononi mwa fundi.

Siku moja Mwalimu, jirani yao na rafiki wa Mama wa siku nyingi, alistaafu. Wanafunzi wake wa zamani wakamwandalia sherehe katika ukumbi wa shule, na Fundi akapewa kazi ya kurasa. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa shuka ili kupatikane giza, watu wakanong'ona wakitafuta viti, na kurasa zikaanza kupita ukutani, polepole, zikiambatana na muziki wa chini. Ilikuwa kama kuota ndoto ya mtu mwingine. Mwalimu akiwa msichana mwenye soksi ndefu akatokea, akafifia. Mwalimu mbele ya darasa la kwanza akatokea, akafifia.

Mama aliketi safu ya mbele pamoja na binti yake, mkoba magotini. Alipoiona lesi ya gauni lake alitabasamu. Alipoviona vifungo vya bluu alimbinya Fundi mkono, kama mtu aliyemwona jamaa yake katikati ya umati. Kisha ukaja ukurasa wa marehemu mume wa Mwalimu. Alikuwa akicheka, amezungukwa na ukingo mweupe wa meno meno, pembe moja imetafunwa.

"Hayo si meno yako?" Mama alinong'ona.

"Ndiyo, Mama. Hiyo fremu siku hizi wanaigombania."

Mama aliitazama kwa muda mrefu, na katika mwanga hafifu wa ukutani uso wake uling'aa kwa furaha. Taa zilipowashwa, Mwalimu alikuja mbio akamkumbatia Fundi, machozi yakimlowesha begani. "Umenirudishia mume wangu," alisema. "Mungu akulipe, mwanangu. Nimekaa naye tena." Watu wakapiga makofi. Fundi alihisi kama ameinuliwa kidogo kutoka sakafuni.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa limeinama. Mama alitembea haraka kuliko kawaida yake.

"Basi na mimi nilivyokuwa mjinga!" alisema, akicheka. "Nilidhani umenisahau. Nikasema moyoni, huyu mtoto kazi za watu zimemzidi, nimwache. Kumbe umeanza zamani! Kama fremu yake iko tayari, na yeye bila shaka amekaribia. Hata kama hujamaliza, nionyeshe leo leo. Sitatia kasoro."

Fundi alipunguza mwendo. Mara ya mwisho kuitazama picha ile ilikuwa lini? Alijaribu kukumbuka, akakuta hajui.

Walipoingia chumba cha mbele, jua lilikuwa mahali pake, juu ya meza. Fundi akaichukua picha kutoka kwenye kopo la kalamu. Mlango aliosimamia baba yake ulikuwa umebaki mstari mmoja wa manjano. Shati lilikuwa wingu. Mahali pa mtoto palikuwa na doa la rangi ya chai, na juu ya shati, pale palipokuwa na uso, hapakuwa na kitu ila weupe wa karatasi. Ukingo tu ndio uliokuwa mzima.

"Subiri, Mama. Programu ina uwezo. Subiri."

Akailaza kwenye skana. Akakoleza giza, akakoleza rangi, akasogeza kila kitu kinachosogezeka. Kwenye kioo zilijitokeza nyuzi za karatasi, vumbi, na alama ya kidole chake mwenyewe. Uso haukuja. Akaingia kwenye makabrasha ya zamani, akaitafuta skani ya kwanza kabisa, ile ya bibi harusi, akaifungua huku akiomba Mungu kimoyomoyo. Fremu ya kale ikajaa kiooni, nzuri kupita kiasi, na katikati yake vimiraba vidogo vya kijivu na vyeupe. Ndivyo programu ile inavyoonyesha mahali pasipo na kitu.

Hakukata tamaa. Akafungua kurasa zote alizotumia fremu ile, moja baada ya nyingine, kana kwamba katika mojawapo baba yake angeweza kuwa amejificha, mtu yule asiyependa kamera. Bwana harusi alitabasamu. Mapacha walitabasamu. Mzee mwenye miaka ya kubishaniwa alitabasamu bila meno. Mume wa Mwalimu alicheka. Wote walikuwa na rangi nzuri za afya, na kila mmoja alimtazama Fundi kwa shukrani.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alikuwa ameelewa tangu ile fremu tupu.

"Zima, mwanangu," alisema hatimaye. "Utaumiza macho."

Fundi akageuka, akapiga magoti, akashika miguu ya mama yake. "Nisamehe, Mama. Nimekupotezea baba. Nimekupotezea kabisa."

"Mimi?" Mama alikaa taratibu kwenye kiti, akamvuta binti yake kichwa kikamwegemea mapajani. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilimuumiza Fundi zaidi kuliko kofi. "Mimi hujanipotezea kitu. Mimi nikifumba macho huyo hapo, na shati lake alilolifunga vibaya. Sikuutaka ukurasa ule kwa ajili yangu. Nilikutakia wewe. Wewe ulikuwa unatambaa, hukumjua. Nikasema siku nitakayoondoka nitaondoka naye, na mwanangu atabaki hana pa kumwona baba yake."

Fundi alitaka kusema kwamba amemwona, kwamba ameiona picha ile maisha yake yote. Akautafuta uso kichwani mwake. Akaukumbuka ukingo. Alikumbuka kila jino lake, na jinsi pembe ile ilivyotoa kivuli.

"Alikuwaje, Mama? Niambie. Niambie vyote, nitamtengeneza."

Mama akamshika kichwa, akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Paji lake lilikuwa pana, alisema. Nyusi zake karibu zigusane. Kishimo kilikuwa shavu la kushoto tu, la kulia lilikuwa kama la watu wote, na alipocheka alianza kwa macho, mdomo ukafuata baadaye. Jua lilikuwa likiondoka juu ya meza. Fundi akafumba macho ili aone vizuri.

Fremu ikaja, nyeupe, na meno yake yote. Ndani yake akatokea mume wa Mwalimu, akacheka. Fundi akamwomba apishe. Akapisha kwa adabu, na mahali pake akaingia bwana harusi, kisha mapacha, kisha mzee, kisha watu wengine aliowatengenezea akawasahau, wengine wakiwa wamevaa vifungo vya bluu vya baba yake, kila mmoja akiinamisha kichwa na kumshukuru kabla ya kumpisha mwenzake. Mama aliendelea kusimulia. Fundi alingoja, macho ameyafumba kwa nguvu, mpaka machozi yakapenya, na foleni ile ya watu wa watu haikuwa na mwisho, na baba yake hakuwamo. Kweli, kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali.